Meli ya Tilawa haikufika Mombasa

Huku joto ni lile lile, wa Dar mngejisikia nyumbani. Leo siandiki habari za kazi wala mabili, nina kisa cha zamani.

Hapa Houston na kule Dallas wapo Wahindi wengi waliozaliwa Mombasa, Kampala au Dar kwetu. Kiswahili wanakimwaga vizuri tu! Juzi dukani mzee mmoja wa Mombasa akaniuliza kama naijua Tilawa. Sikuijua, nikaanza kusoma.

Tilawa ilikuwa meli ya kampuni ya Kiingereza ya British India, iliyoundwa mwaka 1924. Ilibeba Wahindi waliokuja kutafuta maisha Afrika, kama sisi tulivyokuja huku. Tarehe 20 Novemba 1942 iliondoka Bombay kuelekea Mombasa, kisha Lourenço Marques (Maputo ya leo) na Durban. Ndani watu 958, wengi abiria wa kawaida, wengine na familia zao.

Alfajiri ya tarehe 23, nyambizi ya Kijapani I-29 ikaipiga topido. Watu wakiwa bado kwenye purukushani ya kugombea mashua, ikaja ya pili. Meli ikazama. Waliobaki walielea siku mbili katikati ya Bahari ya Hindi, mpaka manowari HMS Birmingham na meli Carthage zilipowakuta. Waliokoka 678, wakafa 280. Manusura wakarudishwa Bombay tarehe 27. Fikiria, unarudi pale pale ulipoanzia, huna hata begi, na pengine ndugu uliyepanda naye hayupo.

Sasa, meli ilibeba pia mikuo 2,364 ya fedha (madini, siyo noti) ya serikali ya Afrika Kusini, kwa ajili ya kutengeneza sarafu. Hiyo haikusahaulika! Mwaka 2017 kampuni moja iliiopoa kutoka kina cha kilomita mbili na nusu hivi, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Uingereza, na hukumu ya mwaka 2024 ikaipa ushindi Afrika Kusini. Mimi shuleni nilikariri Vita vya Pili vyote, Tilawa sikuisikia hata siku moja.

Nyambizi yenyewe ilizamishwa na Wamarekani Julai 1944.

Walioko Mombasa, waulizeni wazee wa huko, hasa wenye maduka ya zamani. Kama yupo aliyempoteza mtu kwenye Tilawa, niandikieni, nimpelekee habari yule mzee.