Uoksidishaji wa kadiolipini

Uoksidishaji wa kadiolipini ni uharibifu wa kikemia unaoipata kadiolipini, lipidi maalumu ya utando wa ndani wa mitokondria, inaposhambuliwa na aina za oksijeni zenye nguvu kubwa ya kuoksidisha. Uharibifu huo hupunguza uwezo wa seli kutengeneza nishati na, ukizidi, huanzisha kifo cha seli. Umechunguzwa hasa katika mshtuko wa moyo, ugonjwa wa Parkinson, kisukari na majeraha ya ubongo.

Si lipidi zote za mitokondria zinazoharibika kwa kiwango kimoja. Kadiolipini iko hatarini kuliko nyingine kwa sababu mbili: muundo wake ni rahisi kuoksidishwa, na mahali ilipo ni karibu kabisa na chanzo cha radikali huru.

Kadiolipini ni nini

Kadiolipini ni fosfolipidi. Fosfolipidi ya kawaida huwa na kichwa kimoja chenye fosfati na mikia miwili ya asidi za mafuta. Kadiolipini ni kama fosfolipidi mbili zilizounganishwa kwa gliseroli moja, kwa hiyo ina fosfati mbili na mikia minne. Umbo lake linafanana na pia: kichwa chembamba na mikia iliyotanuka. Umbo hilo husaidia utando kujikunja.

Katika seli za wanyama lipidi hii hupatikana karibu yote ndani ya mitokondria, hasa katika utando wa ndani, ambako ni takriban moja ya tano ya fosfolipidi zote. Katika moyo wa binadamu na wa mamalia wengi, mikia yote minne kwa kawaida ni ya asidi ya linoleiki, asidi ileile inayopatikana kwa wingi katika mafuta ya alizeti.

Kazi zake kuu ni hizi:

- Kushikilia pamoja makundi ya protini ya mnyororo wa usafirishaji wa elektroni, yaani changamano la I, la III na la IV, ili yafanye kazi yakiwa yameungana.
- Kusaidia protini inayoingiza ADP ndani ya mitokondria na kutoa ATP.
- Kufunga sitokromu c kwenye uso wa nje wa utando wa ndani.
- Kudumisha mikunjo ya utando wa ndani, ambamo ATP hutengenezwa.

Historia

Kadiolipini ilitenganishwa kwa mara ya kwanza kutoka moyo wa ng'ombe na Mary Pangborn, mwanakemia wa Marekani, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1942. Jina lake linatokana na neno la Kigiriki "kardia", maana yake moyo.

Pangborn hakuwa akitafiti nishati ya seli. Alikuwa akitafuta kitu kilichomo katika moyo wa ng'ombe kilichofanya vipimo vya kaswende vifanye kazi. Hadi leo vipimo vya VDRL na RPR, vinavyotumika katika kliniki nyingi za wajawazito duniani, hutumia mchanganyiko wa kadiolipini, lesithini na kolesteroli. Mgonjwa wa kaswende hutengeneza kingamwili zinazoishika kadiolipini. Kwa kuwa kingamwili za namna hiyo huweza kutokea pia katika malaria, lupasi au ujauzito wenyewe, jibu chanya huhitaji kuthibitishwa kwa kipimo kinachotafuta kingamwili dhidi ya bakteria wa kaswende.

Jinsi uharibifu unavyotokea

Mitokondria hutumia sehemu kubwa ya oksijeni anayovuta mtu. Elektroni kutoka kwenye chakula hupita katika mnyororo wa protini hadi kuifikia oksijeni, ambayo hugeuka kuwa maji. Elektroni chache huponyoka njiani, hasa katika changamano la I na la III, na kuigeuza oksijeni kuwa supaoksidi. Supaoksidi hubadilishwa kuwa peroksidi ya haidrojeni. Hiyo ikikutana na chuma kilicho huru hutoa radikali ya haidroksili, ambayo hushambulia karibu kila molekuli iliyo jirani.

Mkia wa asidi ya linoleiki una viungo viwili vya jozi kati ya atomu zake za kaboni. Haidrojeni zilizo kwenye kaboni ya katikati ya viungo hivyo hushikwa kwa nguvu ndogo, na radikali huweza kuzing'oa kwa urahisi. Baada ya hapo mambo huenda kwa hatua tatu:

1. Mwanzo: haidrojeni moja inang'olewa, na mkia wa mafuta unabaki kuwa radikali.
2. Uenezi: mkia huo unaungana na oksijeni, kisha unang'oa haidrojeni ya mkia wa jirani, nao wa jirani unafanya vivyo hivyo.
3. Mwisho: radikali mbili zinakutana na kutulizana, au antioksidanti kama vitamini E inatoa haidrojeni na kuukata mfululizo.

Mchakato huu ndio uleule unaofanya mafuta ya kula yachache. Mafuta ya nazi, ambayo mikia yake mingi haina viungo vya jozi, hukaa muda mrefu kuliko mafuta yenye asidi ya linoleiki kwa wingi. Kadiolipini ya moyo, yenye mikia minne ya linoleiki katika molekuli moja, iko upande wa mafuta yanayochacha upesi.

Mwishoni hubaki peroksidi za lipidi, pamoja na vipande vidogo kama malondialdehidi na 4-hidroksinonenali. Vipande hivyo vinaweza kusafiri mbali na kujibandika kwenye protini na DNA, hivyo madhara hayaishii pale yalipoanzia.

Matokeo ndani ya mitokondria

Kadiolipini iliyooksidishwa haikai vizuri tena kati ya protini. Changamano zinalegea, kasi ya mnyororo wa elektroni inapungua na ATP inayotengenezwa inakuwa kidogo. Elektroni nyingi zaidi huponyoka, supaoksidi huongezeka, na kadiolipini nyingine huoksidishwa. Hivyo uharibifu hujilisha wenyewe.

Tokeo la pili linahusu sitokromu c. Kwa kawaida protini hii hubeba elektroni kutoka changamano la III hadi la IV. Mwaka 2005 kundi la watafiti lililoongozwa na Valerian Kagan lilionyesha kwamba sitokromu c ikishikamana sana na kadiolipini hubadilika umbo na kuwa kimeng'enya kinachotumia peroksidi ya haidrojeni kuoksidisha kadiolipini hiyohiyo. Kadiolipini iliyooksidishwa hushindwa kuifunga vema sitokromu c. Ikitoka nje ya mitokondria, sitokromu c huamsha vimeng'enya vinavyoitwa kaspasi, na seli hufa kwa utaratibu uliopangwa, yaani apoptosisi.

Kadiolipini pia hutumika kama alama. Mitokondria ikiumia, kadiolipini huhamishwa kutoka utando wa ndani hadi uso wa utando wa nje. Seli huitambua huko na kuimeza mitokondria hiyo ili kuisaga kabla haijaleta madhara. Kwa hiyo si kila badiliko la kadiolipini ni baya: kwa kiasi fulani ni njia ya seli kujisafisha.

Ulinzi wa seli

Seli haiachi uharibifu uendelee bila kizuizi. Kimeng'enya supaoksidi dismutesi chenye manganisi huondoa supaoksidi ndani ya mitokondria. Peroksiredoksini 3 huondoa peroksidi ya haidrojeni. Kimeng'enya GPX4, kinachohitaji madini ya seleni, hugeuza peroksidi za lipidi kuwa alkoholi zisizo na madhara makubwa. Vitamini E na koenzaimu Q iliyopokea elektroni hukata mfululizo ndani ya utando wenyewe. Mikia iliyoharibika huweza pia kukatwa na kubadilishwa kwa mingine mizima.

Katika magonjwa

Mshtuko wa moyo

Mshipa wa moyo ukiziba, misuli hukosa oksijeni na kuanza kufa. Tiba ni kuuzibua haraka, lakini damu inaporudi huleta jeraha la pili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba wakati wa kukosa damu suksineti hujikusanya katika seli. Oksijeni inaporejea, suksineti huchomwa kwa kasi kubwa, elektroni hurudi kinyume hadi changamano la I, na supaoksidi nyingi hutoka kwa dakika chache.

Giuseppe Paradies na wenzake wa Bari, Italia, walichunguza mioyo ya panya iliyonyimwa damu kisha kurudishiwa. Kadiolipini ilikuwa imepungua na changamano la I limedhoofika. Mitokondria hizo zilipoongezewa kadiolipini nzima, changamano la I lilirudi karibu na hali yake ya kawaida. Fosfolipidi nyingine, au kadiolipini iliyokwisha kuoksidishwa, hazikusaidia.

Ugonjwa wa Parkinson

Ugonjwa huu hutokana na kufa kwa seli zinazotengeneza dopamini katika sehemu ya ubongo iitwayo sabstansia nigra. Seli hizo zina chuma kingi, na dopamini yenyewe huoksidishwa kwa urahisi. Katika wagonjwa wengi changamano la I limeonekana kuwa dhaifu.

Ushahidi mwingine unatokana na sumu zinazozuia changamano la I. Mojawapo ni rotenoni. Rotenoni na kemikali za jamii yake hupatikana katika mimea kadhaa, ukiwemo utupa wa Afrika Mashariki ambao majani yake yametumiwa kuvulia samaki: samaki hufa kwa sababu mitokondria zao hushindwa kutumia oksijeni. Panya waliopewa rotenoni kwa muda mrefu hupata dalili zinazofanana na za Parkinson, na kadiolipini iliyooksidishwa imepatikana katika sabstansia nigra yao.

Kisukari na unene

Katika panya wenye kisukari, kadiolipini ya moyo hupungua mapema na mikia yake hubadilika. Kimeng'enya ALCAT1 huchangia kwa kuweka mikia mirefu yenye viungo vingi vya jozi mahali pa linoleiki. Mikia hiyo huoksidishwa haraka zaidi. Panya waliozaliwa bila ALCAT1 hawakunenepa kama wenzao walipolishwa mafuta mengi, na miili yao iliendelea kuitikia insulini.

Ugonjwa wa Barth

Huu ni ugonjwa adimu wa kurithi, ulioelezwa mwaka 1983 na daktari Peter Barth wa Uholanzi. Huwapata karibu wavulana pekee kwa kuwa jeni husika iko kwenye kromosomu X. Jeni hiyo, iliyotambuliwa mwaka 1996, hutoa tafazini, kimeng'enya kinachoipa kadiolipini mikia yake sahihi. Wagonjwa huwa na moyo dhaifu, misuli iliyolegea, ukuaji wa polepole na upungufu wa chembe nyeupe za damu. Chanzo chake si uoksidishaji, lakini ugonjwa huu ni uthibitisho wa wazi kwamba kasoro ya kadiolipini peke yake yatosha kumwugua mtu moyo.

Majaribio ya tiba

Kwa kuwa uoksidishaji ndio unaoharibu, ilidhaniwa kwamba kumeza antioksidanti kungezuia magonjwa haya. Matokeo kwa binadamu hayakuunga mkono wazo hilo. Katika jaribio la HOPE, lililochapishwa mwaka 2000, zaidi ya watu 9,500 waliokuwa katika hatari ya magonjwa ya moyo walifuatiliwa kwa takriban miaka minne na nusu. Waliopewa vitamini E hawakupata nafuu kuliko wasiopewa. Ufuatiliaji uliochapishwa mwaka 2005 uliona kwamba kushindwa kwa moyo kulikuwa kwingi zaidi kwa waliotumia vitamini hiyo.

MitoQ ni antioksidanti iliyoundwa ili ivutwe na chaji ya mitokondria na kujikusanya humo. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba haikupunguza kasi ya Parkinson kwa wagonjwa 128 waliofuatiliwa kwa miezi 12.

Sababu zinazotajwa ni kadhaa. Vitamini iliyomezwa huenda isifike kwenye utando husika kwa kiasi cha kutosha. Mgonjwa wa Parkinson huonekana na dalili wakati seli nyingi zimekwisha kufa. Tena peroksidi kwa kiasi kidogo ni ishara ambazo seli huzihitaji, na kuzifuta zote si lazima kulete afya.

Njia nyingine ni kuilinda kadiolipini yenyewe. Elamipretide, iliyotokana na kazi ya Hazel Szeto na Peter Schiller, ni peptidi fupi inayoishika kadiolipini na kutuliza utando wa ndani. Katika jaribio moja la wagonjwa wa mshtuko wa moyo haikupunguza ukubwa wa kovu la moyo. Hata hivyo, Septemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa utaratibu wa haraka kwa ajili ya ugonjwa wa Barth, kwa kuzingatia ongezeko la nguvu za misuli ya goti. Utaratibu huo unadai utafiti zaidi ili kuthibitisha manufaa yake kwa wagonjwa.

Tazama pia

- Mitokondria
- Fosfolipidi
- Vitamini E
- Ugonjwa wa Parkinson
- Kaswende