Rosy na Skrini Iliyopigwa Mawe

Sinema ya Kimalayalam ilianza na fujo. Karibu miaka 100 iliyopita, kusini mwa India, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Kerala, J. C. Daniel alitengeneza Vigathakumaran, filamu ya kwanza ya huko. Haikuwa na sauti. Mhusika mkuu wa kike alikuwa Mnair, mwanamke wa tabaka la juu. Aliyemwigiza, P. K. Rosy, alikuwa Mdalit, yaani wale waliohesabiwa najisi tangu kuzaliwa.

Picha ilipoonyeshwa Thiruvananthapuram, wakubwa walipandwa na hasira. Huyu anathubutu vipi kuigiza bibi wa kwetu? Inasimuliwa kwamba skrini ilipigwa mawe. Rosy akatoroka, asiigize tena. Daniel naye hakutengeneza filamu nyingine, na hata nakala ya hiyo moja haipo.

Kosa la Rosy lilikuwa kuonekana tu.

Lakini walioonekana waliongezeka. Mwaka 1954, Neelakuyil ilimweka kwenye skrini mwalimu wa tabaka la juu anayempa mimba mwanamke Mdalit, kisha anamkana. Mwaka 1987, Nadodikkattu iliwachekesha watu kwa vijana wawili wasio na kazi wanaolipa nauli ya mashua ya kwenda Dubai, kumbe wanashushwa Madras, India hiyo hiyo. Wewe uliye na binamu aliyeliwa pesa na ajenti wa kazi za Gulf, hadithi hiyo huhitaji kutafsiriwa.

Halafu mwaka 2021 ikaja The Great Indian Kitchen. Bi harusi anapika, anaosha, anapanguza. Sinki inavuja na mume haiti fundi. Siku za hedhi anatengwa kama uchafu. Najisi ile ya Rosy, sasa iko jikoni.

Ungedhani sinema inayoona hadi bomba linalovuja inajiona yenyewe pia. Wapi! Agosti 2024 ilitolewa ripoti ya Kamati ya Hema, iliyoundwa 2017 baada ya mwigizaji mmoja kutekwa na kudhulumiwa kingono. Wanawake wa sinema hiyo waliieleza kamati jinsi walivyodaiwa ngono ndipo wapewe kazi. Wengine walisema hata choo hakikuwepo mahali pa kurekodi.

Filamu zilikuwa zimeingia kila jikoni la Kerala. Nyuma ya kamera, ambako akina Rosy wa leo wanafanya kazi, hakuna aliyekuwa amewasha taa.