Sanamu za ngoma za Usukuma: jinsi ya kuzitambua, kuzikagua na kuzitunza

Ukifungua video kwenye simu unaweza kumkuta mtu mzima wa Marekani au Uingereza ameshika mdoli wa plastiki. Anauzungusha mkono, anaukunja goti, anatazama kama upanga wake bado upo, kisha anatoa maksi. Mara nyingi mdoli huo ni He-Man, shujaa wa hadithi za kubuni ambaye kampuni ya Mattel ya Marekani ilianza kumuuza mwaka 1982. Waliomchezea wakiwa watoto sasa ni watu wazima, na wanamtafuta tena kwa sababu anawakumbusha utoto wao.

Wengi wetu wa Simiyu hatukukua na He-Man. Tulifinyanga ng'ombe wa udongo tukiwa machungani, tukatengeneza magari ya waya yenye magurudumu ya ndala, na dada zetu wakabeba mgongoni watoto wa magunzi ya mahindi. Lakini Usukuma nako kulikuwa na sanamu zenye mikono ya kuchezeshwa, tena kubwa kuliko hizo za plastiki. Ni sanamu za mbao za ngoma. Pengine kwenu iko moja nyuma ya ghala au juu ya dari. Makala haya yanaeleza ni kitu gani, inakaguliwaje, na ufanye nini kabla hujaiuza au kuitupa.

Zilitumika wapi?

Ngoma za mashindano za Wasukuma zina pande mbili kubwa, Bagika na Bagalu. Wazee husimulia kwamba pande hizi zilianzishwa katika karne ya 19 na waganga wawili walioshindana, Ngika na Gumha. Msimu wake ni baada ya mavuno, kuanzia Juni hivi, watu wakiwa wamepumua kazi za shamba.

Kanuni ya mashindano ni rahisi. Makundi mawili hucheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na lenye watazamaji wengi zaidi ndilo mshindi. Mtazamaji akichoka huku, anahamia kule. Kwa hiyo manju anahitaji nyimbo kali, dawa ya mvuto kwa wanaoiamini, na jambo ambalo watu hawajawahi kuliona. Wapo wanaocheza na chatu hai. Wapo wanaocheza na majembe, kama katika Bugobogobo. Na wapo walioleta sanamu.

Fundi alichonga mtu wa mbao mwenye kiwiliwili kirefu, na mara nyingi mikono ilichongwa kando, kisha ikaunganishwa mabegani ili iweze kusogea. Sanamu nyingine ni za kushika mkononi, nyingine zinakaribia kimo cha mtu. Ngoma ikipamba moto, sanamu ilinyanyuliwa na kuchezeshwa ili watu wacheke au washtuke, na wale wa upande wa pili wageuze shingo. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake.

Mambo matano ya kukagua

1. Viungo. Tazama mabega. Mkono umefungwa kwa kamba, kijiti au msumari? Kiungo kilichotumika huwa kimelika na kulainika pale mbao zinaposuguana. Usilazimishe mkono uliokwama, utavunjika.

2. Mahali pa kushikia. Sanamu iliyonyanyuliwa miaka mingi hung'aa pale mikono ya watu ilipopita, yaani kiunoni, miguuni au kwenye mti wake wa chini. Sehemu nyingine hubaki na ukavu wake.

3. Mapambo. Chunguza macho, meno, nywele, shanga na mabaki ya nguo. Hata tundu tupu ni ushahidi kwamba palikuwa na kitu. Usijazie shanga mpya.

4. Matengenezo ya zamani. Bati lililopigiliwa kwenye ufa au mguu uliofungwa waya si kasoro ya kuficha. Linaonyesha kwamba wenyewe waliithamini kiasi cha kuitengeneza ili irudi uwanjani.

5. Historia yake. Nani aliichonga? Ilikuwa ya Bagika au ya Bagalu? Ilichezwa viwanja gani? Jambo hili la tano ndilo lenye maksi nyingi kuliko yote, na ndilo linalopotea mapema. Mbao inaweza kukaa miaka mia moja, lakini mzee anayejua jina la fundi hatakaa hivyo.

Ya zamani au ya kuzeeshwa?

Wapo wanaochonga sanamu mpya na kuzizeesha kwa moshi, kwa rangi ya viatu au kwa kuzifukia ardhini. Kuchonga sanamu mpya si kosa, kosa ni kudanganya umri wake. Dalili ya udanganyifu ni weusi uliosambaa sawasawa kila mahali, hata ndani ya nyufa na kwenye makwapa ambako mkono wa mtu haufiki. Uzee wa kweli haulingani kila mahali.

Rekodi kwa simu yako

Piga picha nje, kivulini, asubuhi au jioni. Piga mbele, nyuma, pande zote mbili, kisha viungo kwa karibu. Weka kiberiti pembeni ili anayetazama picha aelewe ukubwa. Pima urefu kwa futi kamba na uuandike.

Baadaye kaa na mzee na urekodi sauti yake. Asipokumbuka mwaka, muulize kwa matukio. Ilichongwa kabla ya Uhuru wa 1961? Kabla ya watu kuhamishiwa vijijini katikati ya miaka ya 1970? Kabla ya mvua za El Niño za 1997 na 1998? Mwache aeleze kwa Kisukuma kama ndiyo lugha inayomjia vizuri, na kama kuna wimbo uliokwenda na sanamu hiyo, mwombe auimbe. Tuma nakala kwa ndugu wawili watatu, maana simu hupotea.

Jambo la heshima: si kila kitu cha kuchongwa ni cha ngoma. Vingine ni vya uganga au vya kuwakumbuka wahenga wa ukoo. Omba ruhusa kwa mwenye mji kabla ya kugusa au kupiga picha. Akikataa, mshukuru na uishie hapo.

Namna ya kuitunza

Adui wa kwanza ni mchwa. Usiilaze sanamu kwenye sakafu ya udongo wala kuiegemeza ukutani. Iweke juu ya meza au rafu, mahali pakavu pasipopigwa na jua. Ukiona unga laini chini yake, kuna wadudu wanaotoboa mbao. Itenge na vyombo vingine vya mbao mara moja.

Futa vumbi kwa brashi laini, kavu. Usioshe kwa maji, usipake mafuta, usipige vanishi. Ule mng'ao wa mikono ya wachezaji ukishafunikwa na vanishi haurudi, na thamani ya sanamu inashuka.

Mnunuzi akija

Sanamu nyingi za Afrika Mashariki ziko Ulaya na Marekani, na nyingi hazina jina la aliyezichonga. Zimeandikwa kabila tu. Ziliondoka kwa wenyewe bila mtu kuuliza, au bila mtu kuandika jibu.

Kwa hiyo usiuze siku ileile. Itisha kikao cha familia, kwa kuwa mara nyingi sanamu ilikuwa ya kundi zima, si ya mtu mmoja. Rekodi historia yake kwanza. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vya kale, na kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali cha serikali. Mnunuzi anayekuharakisha na hataki uongee na mtu mwingine, muulize kibali. Ushauri unaweza kuupata kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako, iwe Bariadi, Busega, Itilima, Maswa au Meatu.

Pa kujifunza zaidi

Makumbusho ya Wasukuma yako Bujora, Kisesa, karibu na jiji la Mwanza. Ukitoka Bariadi unapita Lamadi na Magu kabla ya kufika Kisesa. Yalianzishwa kwa juhudi za Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada, akishirikiana na wazee wa Kisukuma. Humo kuna ngoma, viti vya watemi na vifaa vya makundi ya wachezaji. Ukienda mwezi Juni unaweza kukutana na sikukuu ya Bulabo, Bagika na Bagalu wakigombea watazamaji kama zamani.

Lakini usisubiri safari. Kama sanamu iko nyumbani na babu bado yupo, anza leo jioni kwa swali moja: nani aliichonga?