Mwenye Kuuguza Hana Daftari

Kiswahili hakikumtenga mgonjwa na anayemhudumia: kuuguza kumezaliwa na kuugua. Hospitali ziliposimama, neno muuguzi lilihamia kwa mwenye sare na mshahara. Mama aliyebaki nyumbani Likoni au Kisauni, Mombasa, akimgeuza mgonjwa ubavu huu na ule asipate vidonda vya mgongo, hakuachiwa hata jina la kazi. Kwa miaka mingi mipango ya afya imemtegemea huyu mama kama sehemu ya tiba, bila kukumbuka kwamba naye ana mwili unaoweza kuugua. Anayefaa kulirekebisha hilo, kwa maoni yangu, ni daktari wa familia.

Tuanzie bandarini. Kibarua ni barua ndogo, karatasi ya kuhesabia siku za kazi, na wapakizi wengi wa Kilindini walilipwa kwa siku hadi mgomo wa Januari 1947 ulipoufungulia njia mfumo wa ajira ya kudumu. Aliyelala na homa hakuwa na ujira, na chumba cha kupanga Changamwe hakikuwa mahali pa kulea maradhi marefu. Mtu alirudi kwao akauguzwe. Gharama ya jasho la bandari ikabebwa na wake na mama ambao hawakuwahi kuiona meli. Ukimwi ulipotangazwa janga la taifa nchini Kenya mwaka 1999, wodi zikiwa zimefurika na dawa hazishikiki kwa bei, uuguzaji wa nyumbani uliingizwa katika mipango ya serikali. Wahudumu wa kujitolea walizunguka mitaa na mikoba yenye glavu, sabuni na dawa za maumivu. Kazi ile iliokoa heshima ya watu wengi, na siidharau hata kidogo. Lakini macho yake yalikuwa kitandani: aliyesimama kando alifundishwa kuvaa glavu, si kuulizwa hulala saa ngapi. Hata ada za matibabu zilizoletwa mwaka 1989, zikapunguzwa 2004 kuwa shilingi 10 kwenye zahanati na 20 kwenye vituo vya afya, kisha zikafutwa huko 2013, zilikuwa hesabu ya mgonjwa. Siku ya kazi anayoipoteza binti akimvusha babake kwa feri ya Likoni kwenda Hospitali Kuu ya Pwani haikuingia popote.

Chuo Kikuu cha Moi kilianza kufunza madaktari bingwa wa familia mwaka 2005, na msingi wa taaluma yao ni kuitazama nyumba nzima. Lakini tazama daftari la mazoezi ambalo mgonjwa huja nalo kliniki: juu pana jina lake, ndani presha yake na dawa zake. Anayelibeba kwa miaka, akalifunga kwa karatasi ya nailoni lisilowe mvua, hana mstari wake humo. Uingereza, madaktari wa familia wengi huweka orodha ya wanaouguza jamaa zao, na hao hupewa chanjo ya mafua bila malipo. Hapa ingetosha kuanza kwa kumpima presha pamoja na mgonjwa wake, na kupanga kliniki zao siku moja ili nauli iwe moja.

Utaambiwa madaktari hao ni wachache mno. Ni kweli, lakini swali la «wewe mwenyewe u hali gani?» laweza kuulizwa na tabibu wa zahanati, au na mhudumu wa afya ya jamii anayebisha hodi nyumbani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kuuguza ni ibada na undugu, na kumuuliza mtu kama amechoka ni kumvunjia heshima. Ila undugu wenyewe ulikuwa na zamu: dada alikesha leo, shangazi kesho, majirani wakaleta uji. Sasa wa kupokea zamu yuko Nairobi au Doha, na mtu mmoja hukesha usiku wa saba mfululizo. Akilalamika yeye, huonekana hana subira. Daktari akimpigia simu kaka na kumwambia presha ya dadake imepanda, kaka atakata tiketi.