Upambanuzi: Kwa Nini Darubini Haioni Bendera Mwezini

Darubini kubwa zote hizi, mbona hakuna hata moja inayotuonyesha bendera waliyoisimika Wamarekani mwezini mwaka 1969? Swali hili ni la haki, na jibu lake limo katika istilahi moja: upambanuzi.

Wengi hudhani kazi ya darubini ni kukuza tu. Kazi yake kubwa zaidi ni kupambanua, yaani kuvionyesha vitu viwili vilivyokaribiana kuwa ni viwili kweli. Gari likija usiku kwa mbali huonekana lina taa moja, ukadhani ni pikipiki. Likikaribia, taa ile inagawanyika na kuwa mbili. Kilichobadilika ni pembe iliyopo kati ya taa hizo kama jicho linavyoipokea. Jicho lina pembe yake ya mwisho, na kila darubini ina yake. Chini ya hapo, viwili huwa kimoja. Pembe hiyo ndiyo kipimo cha upambanuzi.

Wapo wanaosema resolusheni. Silikatai, ila kwenye simu na televisheni neno hilo limezoeleka kuhesabu nukta za skrini, na hilo ni jambo jingine. Upambanuzi linajieleza lenyewe.

Mpaka wake huwekwa na mwanga. Mwanga ni mawimbi, nayo yakiingia kwenye darubini hutawanyika kidogo; kioo kikiwa kipana, mtawanyiko hupungua. Kioo cha darubini ya Hubble kina upana wa mita 2.4. Kwa umbali wa mwezi, wastani wa kilomita 384,400, kitu kidogo kabisa inachoweza kukipambanua kina upana wa mita 90 hivi. Hata sehemu ya Apollo 11, chombo kilichowapeleka Wamarekani hao, iliyobaki kwenye Bahari ya Utulivu huko mwezini, ina kiwiliwili cha mita nne na ushei tu, na bendera ni ndogo zaidi. Ili sehemu hiyo ionekane walau kama doa, pangehitajika kioo cha mita 60 na zaidi. Darubini ya ELT inayojengwa Chile itakuwa na mita 39.

Dawa imekuwa kusogea. Chombo cha LRO, kilichorushwa mwaka 2009 kuuzunguka mwezi, kimepiga picha kutoka kilomita 50 hivi na hata chini zaidi. Kamera yake yenye upambanuzi mkubwa ina kioo kisichofika sentimita 20, lakini picha zake zinaonyesha mabaki ya vyombo, vivuli vyake, hata vijia vilivyochorwa na nyayo za wanaanga.

Basi ukienda kuinunulia shule yako darubini, usivutwe na maandishi ya boksi kwamba inakuza mara 500. Picha isiyopambanuka ukiikuza, unakuza ukungu. Uliza upana wa kioo au lenzi yake.