Kumwonya Ndugu kwa Upole

Mwaka 1961 maaskofu wa Kongo, wakikutana Léopoldville, walikusudia parokia zijengwe juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, ambazo kwetu huitwa mashirika. Mwaka 1972, serikali ya Mobutu ilipopiga marufuku vyama vya vijana vya Kanisa, waamini waliendelea kusali nyumbani kwa majirani. Huko kanuni hudumu pasipo sare wala bendera, kwa kuwa kila mtu anajulikana kwa jina lake.

Namna ya kuonyana ni ya kale zaidi. Katika Injili ya Matayo, sura ya 18, Bwana anaagiza kwanza tumwendee ndugu faraghani. Asiposikia, tuchukue mmoja au wawili. Mwishowe tuliambie Kanisa. Katika karne ya 6, Mtakatifu Benedikto aliweka katika Kanuni yake kwamba mmonaki aliyekosa aonywe kwa siri mara mbili kabla ya kukaripiwa mbele ya wote.

Nasi Kibati, chini ya Nyiragongo, vita vya mwaka 2008 vilituletea makumi ya maelfu ya wakimbizi, wenye desturi mbalimbali. Tulijifunza kwamba anayevunja kanuni pengine hajaelezwa, au ana mzigo asioutaja. Tukimwaibisha mkutanoni, tutalinda kanuni na kumpoteza ndugu. Basi tumwendee kwanza nyumbani, tumsikilize kabla ya kumwonya. Injili haihesabu aliyeshinda hoja. Inamhesabu ndugu aliyepatikana.