Jukwaa Kabla ya Kitabu: Beni, Lelemama na Vichekesho katika Historia ya Tamthilia ya Kiswahili, 1890–1939

Utangulizi

Mwanafunzi anayeingia darasa la tamthilia ya Kiswahili aghalabu hupewa tarehe ya kuzaliwa kwa utanzu huu: mwaka 1957. Huo ndio mwaka ambapo Graham Hyslop alichapisha Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu, naye Henry Kuria akachapisha Nakupenda, Lakini... Kutoka hapo mhadhara huvuka hadi Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, na kuanzia hapo safari huwa ni ya vitabu tu. Mwandishi wa makala haya naye amepata kuutoa mhadhara huo zaidi ya mara moja, na hakuna mwanafunzi aliyenyanyua mkono kuuliza watu wa Pwani walikuwa wakitazama nini kabla ya mwaka huo.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo ambalo halikuulizwa. Tunadai kwamba katika miongo minne ya mwanzo ya utawala wa kikoloni, miji ya Waswahili ilikuwa na sanaa ya maonyesho iliyokomaa, yenye waigizaji, maleba, hadhira na mgogoro, na kwamba sanaa hiyo imeachwa nje ya historia ya tamthilia kwa sababu moja kubwa: haikuandikwa kwa sura ya kitabu cha tamthilia. Tutachunguza mifano mitatu, yaani beni, lelemama na vichekesho vilivyoambatana na taarab ya Unguja.

Suala la fasili

Kabla ya kuendelea yafaa tujihadhari na kosa la upande wa pili. Ruth Finnegan (1970) alipodai kuwa drama haikuenea sana barani Afrika, wahakiki wengi wa Kiafrika walimjibu kwa kuorodhesha kila ngoma, kila tambiko na kila jando kuwa ni drama. Jibu hilo lilikuwa na hamasa, lakini halikuwa na mipaka. Ikiwa kila kitu ni tamthilia, basi neno lenyewe limepoteza kazi. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya (1976) walisaidia kulitatua tatizo hilo walipoturejesha kwenye dhana pana ya sanaa za maonyesho, lakini hata ndani ya dhana hiyo bado tunahitaji kubainisha.

Katika makala haya tutaiita sanaa kuwa ni ya uigizaji pale inapotimiza masharti matatu. Kwanza, fanani avae nafsi isiyokuwa yake. Pili, hadhira ijue kwamba nafsi hiyo si yake, na kujua huko kuwe sehemu ya ladha. Tatu, pawepo mgogoro unaoendelezwa mbele ya watazamaji. Harusi ya kawaida haitimizi masharti haya, kwa kuwa bwana harusi ni bwana harusi kweli. Beni, kama tutakavyoonyesha, inayatimiza yote matatu.

Beni: jenerali wa bandarini

Neno beni limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya bendi, na ngoma yenyewe ilichipuka Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890, wakati Waingereza walipokuwa wakisimika utawala wao. Utafiti wa Terence Ranger (1975) ndio ulioifungua historia yake kwa kina. Vijana wa mitaa walijipanga katika vikundi, wakashona sare, wakapiga gwaride, na wakapeana vyeo: Kingi, Gavana, Jenerali, Daktari. Vikundi vya Mombasa vilijulikana kwa majina kama Kingi, Kilungu, Sadla na Skochi. Huko Lamu ushindani ulifuata mgawanyo wa kale wa mji, Mkomani kwa upande mmoja na Langoni kwa upande wa pili. Katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, Tanga na Dar es Salaam zilikuwa na Marini na Arinoti. Marini ilivutia zaidi wenye elimu na nafasi. Arinoti ilivutia zaidi watu wa tabaka la chini.

Vikundi hivi havikuwa vya burudani tupu. Mwanachama aliyeugua alitazamwa, na aliyefariki alizikwa kwa heshima. Lakini kilele chake kilikuwa siku ya mashindano, ambapo vikundi viwili viliandamana barabarani kwa ngoma na tarumbeta, kila kimoja kikiimba tungo za kujisifu na za kumtupia hasimu mafumbo. Karamu ilifuata, na kikundi kilichoshindwa kuchinja kama mwenzake kilibeba aibu hadi mashindano mengine.

Je, huu ulikuwa uigizaji au uigaji? Wakosoaji wa wakati ule, Waafrika kwa Wazungu, waliona uigaji tu. Wengine waliukumbuka msemo kwamba mwacha mila ni mtumwa. Tunaona kwamba hukumu hiyo haikuitazama hadhira. Mtu aliyetembea mbele ya gwaride akiwa na nishani za jenerali alifahamika na kila aliyesimama kando ya barabara. Pengine alikuwa mchukuzi wa bandarini. Pengine alizaliwa utumwani, kwa kuwa hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na katika Pwani ya Kenya mwaka 1907 tu. Watazamaji walimwona mchukuzi na jenerali kwa wakati mmoja, na mvuto wa onyesho ulitoka katika pengo lililokuwepo baina ya wawili hao. Wahenga wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Kwenye beni hapana aliyetaka kusitirika, kwani vazi lilivaliwa ili lionekane kuwa ni la kuazima.

Hata hivyo, tusiigeuze beni kuwa kejeli dhidi ya ukoloni kwa kuwa tu sisi wa leo tungependa iwe hivyo. Mishale yake mingi ilielekezwa kwa jirani, wala si kwa mkuu wa wilaya, na wachezaji wengi walivitamani kwa dhati vyeo walivyoviigiza. Jambo tunaloweza kulidai kwa haki ni dogo zaidi, lakini lina uzito: beni iliwaonyesha watu kwamba cheo kinavalika na kuvulika. Kwa aliyekulia katika jamii iliyomfundisha kuwa uungwana na utumwa ni mambo ya damu, hilo halikuwa somo jepesi.

Serikali nayo ilishtuka, ingawa kwa sababu tofauti. Vita vya 1914–1918 viliwatawanya askari na wapagazi kutoka Pwani hadi bara, na beni ikasafiri nao. Mwaka 1919 maafisa wa upelelezi wa Kiingereza waliichunguza wakihofia kwamba vyeo vile na barua za kutoka mji hadi mji vilificha njama ya kisiasa. Vazi la maonyesho lilisomwa kana kwamba ni sare ya jeshi la kweli. Wakati huohuo ngoma ilikuwa imekwisha kuvuka hadi Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, ambako baadaye ilichangia kuzaliwa kwa kalela, ngoma iliyochunguzwa na Clyde Mitchell (1956) katika miji ya machimbo ya shaba.

Lelemama: ukumbi wa wanawake

Iwapo beni ilikuwa ya barabarani na ya wanaume zaidi, lelemama ilikuwa ya wanawake, na ukumbi wake wa asili ulikuwa uani. Margaret Strobel (1979) ameonyesha jinsi vyama vya lelemama vya Mombasa vilivyokua katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vikawa na viongozi wenye vyeo, na vikashindana kama vilivyoshindana vikundi vya beni. Kitabu ambacho Sarah Mirza na Strobel walikitoa mwaka 1989, chenye masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa, kinatupa sauti za walioishi katika ulimwengu huo wenyewe.

Kwa mtazamo wa uhakiki, lelemama ina mambo mawili ya kuzingatiwa. La kwanza ni fumbo. Tungo zake ziliendeleza mkondo mkongwe wa ushairi wa ngoma, ule wa gungu, ambapo mmoja hufumba na mwenziwe hufumbua. Aliyeimbwa hakutajwa jina, lakini wote waliokuwepo walimjua, naye alijua kwamba wanamjua. Mgogoro hapa haukuhitaji masimulizi marefu, kwa kuwa hadhira ilikuja na masimulizi hayo kutoka mtaani, na wimbo ulikuwa kilele chake. La pili ni kuchanganyika kwa tabaka. Wanawake wa asili ya kitumwa na wale wa asili ya kiungwana walikutana katika chama kimoja, na cheo ndani ya chama kiliweza kupatikana kwa ukarimu, kwa sauti na kwa ujuzi wa kucheza. Kwa muda wa ngoma, nafasi ya mtu ilitokana na alivyoimudu sanaa.

Vichekesho na taarab ya Ng'ambo

Taarab iliingia Unguja kupitia jumba la Sultani, na chama cha Ikhwani Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, kiliiendeleza miongoni mwa wanaume wa mjini. Mageuzi makubwa yalitoka upande wa pili wa mji. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba yapata mwaka 1880 katika familia yenye asili ya utumwa, alihamia mjini na kupata umaarufu pamoja na wanamuziki wa Ng'ambo. Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay kurekodi santuri, na Kiswahili cha mtaani kikasikika kwenye gramafoni. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na kwa sababu hiyo fasihi yetu inamkumbuka kama mwimbaji na kama kielelezo cha maadili.

Upande mmoja wa kazi ya bendi hiyo, hata hivyo, haukuingia katika santuri. Utafiti wa Laura Fair (2001) unaonyesha kwamba katika mikesha ya Ng'ambo nyimbo zilikwenda sambamba na vichekesho vya kuigiza vilivyowakejeli wenye mamlaka. Mazingira hayo ndiyo yanayotusaidia kuuelewa wimbo kama "Kijiti", unaohusu kuuawa kwa mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam. Katika kisa hicho mwuaji alitoroka, na mkono wa sheria ukawaangukia wanawake waliokuwa mashahidi. Msikilizaji wa santuri hupata masimulizi ya msiba. Mtazamaji wa Ng'ambo, ambaye usiku uohuo huenda alishacheka kwa kuwaona wakubwa wakiigizwa, aliupokea wimbo kama kesi inayosikilizwa upya, mara hii mbele ya baraza la majirani. Ukiutenga wimbo na uigizaji uliouzunguka, unaupunguzia nusu ya maana yake.

Kwa nini tulisahau?

Yapo mambo matatu yaliyochangia usahaulifu huu. La kwanza ni upinzani wa wanazuoni wa mageuzi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliwakemea Waislamu wa Pwani kwa israfu na kwa kuiga mambo ya Kizungu. Si haki kumwona kama adui wa sanaa tu, kwani mashindano ya ngoma yaliwatia baadhi ya watu katika madeni makubwa. Lakini pale ngoma ilipohesabiwa kuwa aibu, ilikuwa vigumu kwa mwenye elimu kuihifadhi kwa kalamu.

La pili ni shule. Mchezo wa kuigiza wa Kiswahili uliochapishwa ulikulia darasani, chini ya maafisa wa elimu, na ukumbi wake wa mfano ulikuwa kama Jumba la Maonyesho la Taifa lililofunguliwa Nairobi mwaka 1952: watazamaji wameketi gizani, kimya, wakitazama upande mmoja. Mtu aliyefundishwa kuwa hilo ndilo jukwaa hawezi kuliona jukwaa jingine, hata likimpitia mlangoni kwa tarumbeta.

La tatu linatuhusu sisi wenyewe. Wanahistoria na wanaanthropolojia waliichunguza beni kama siasa, na lelemama kama jinsia na tabaka. Wahakiki wa fasihi tuliwaachia kazi hiyo, tukabaki na vitabu.

Hitimisho

Hatudai kwamba Kinjeketile imetokana moja kwa moja na beni, wala kwamba tarehe ya 1957 ni ya uongo. Ni tarehe ya kweli ya tamthilia iliyochapishwa. Tunachokipinga ni kuitumia kama tarehe ya kuzaliwa kwa uigizaji katika Kiswahili. Hasara ya kosa hilo si ndogo. Linamfundisha mwanafunzi wa Mombasa au wa Lamu kwamba tamthilia ni zawadi aliyoletewa na mwalimu wa Kizungu, ilhali nyanya yake huenda alikuwa na cheo katika chama cha lelemama. Vilevile linatuzuia kuelewa yaliyofuata. Katika miaka ya 1950 TANU ilipotaka kuwakusanya wanawake wa Dar es Salaam iliwapitia wanangoma, na kiongozi wao, Bibi Titi Mohamed, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba. Alipokuja kusimama mbele ya umati, hakuwa mgeni wa jukwaa.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kozi ya tamthilia ya Kiswahili ianze na wiki tatu za beni, lelemama na vichekesho, zifundishwe kama uigizaji, na zitahiniwe kama uigizaji. Wale walioicheza beni ya awali wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Waliobaki ni watoto na wajukuu wao, ambao bado wanakumbuka nani alikuwa Kingi, nani aliimbwa, na kwa nini. Mwanafunzi atakayekwenda kuwauliza atakuwa amefanya kazi ya uhakiki iliyotupita sisi walimu wake.